Mfalme Aliyerudi Kifungoni

Wazee wetu walituachia usemi mfupi, nao twautumia kila siku bila kuupima: ahadi ni deni. Mtoto huusikia nyumbani kabla hajajua kusoma, na mdai huukumbusha mlangoni pa mdaiwa wake. Lakini si kila ahadi hutolewa na mtu aketiye kwa raha katika kiti chake. Ziko ahadi zilizotolewa na mtu aliyeshikwa, asiye na la kuchagua, aliye tayari kusema neno lolote mradi aachiliwe aende zake. Je, ahadi ya namna hiyo nayo ni deni? Na ikiwa ni deni, nani apaswaye kulilipa?

Ili tulitazame vema swali hili, twataka leo kuwasimulia wasomaji wetu habari ya mfalme mmoja wa Ufaransa aliyeshindwa vitani, akatekwa, akaachiliwa kwa ahadi, kisha akarudi kifungoni kwa hiari yake. Jina lake ni Jean wa Pili, naye alitawala tangu mwaka 1350 hata mwaka 1364. Wafaransa humwita Jean Mwema. Hatudai kwamba alikuwa mtawala hodari. Habari yenyewe itaonyesha kwamba hakuwa. Walakini mtu mwenye makosa huweza kutufundisha mengi, pengine zaidi ya yule ambaye twamdhania hana dosari.

Tangu mwaka 1337 wafalme wa Uingereza na wa Ufaransa walikuwa wakigombania taji na nchi, na ugomvi huo ndio uliokuja kuitwa Vita vya Miaka Mia. Katika mwaka 1356 Edward, mwana wa kwanza wa mfalme wa Uingereza, alitoka Bordeaux pamoja na jeshi lake, akapita katika nchi ya Ufaransa akichoma vijiji na kukusanya nyara. Mfalme Jean alimfuata kwa jeshi kubwa zaidi, akamziba njia karibu na mji wa Poitiers. Ilikuwa mwezi wa Septemba. Waingereza walikuwa wamechoka, chakula kilikuwa kimepungua, na magari yao yalikuwa mazito kwa mali za watu.

Siku ya Jumapili, tarehe 18, Kardinali Talleyrand de Périgord, aliyetumwa na Baba Mtakatifu Inosenti wa Sita, alishinda akienda na kurudi baina ya majeshi mawili, akitafuta amani. Waandishi wa zamani hizo wasimulia kwamba Edward alikubali kurudisha miji na watu aliowateka, na kuapa asipigane na mfalme wa Ufaransa kwa muda wa miaka 7. Yalikuwa masharti mazuri, ambayo mtu mwenye busara angeyapokea kwa mikono miwili. Lakini upande wa mfalme ulidai zaidi: Edward mwenyewe ajitoe awe mateka. Hapo mazungumzo yakavunjika. Tuliweke moyoni jambo hili, kwa maana maafa yote yaliyofuata yalianza katika saa ile, wakati mtu mwenye nguvu alipoona kwamba haki iliyo mbele yake haimtoshi.

Kesho yake, tarehe 19 Septemba, wakapigana. Waingereza walisimama nyuma ya maboma ya miti na mashamba ya mizabibu, na wapiga mishale wao wakawavunja wapanda farasi waliotangulia. Mfalme alikuwa amewaamuru wengi wa mashujaa wake washuke katika farasi na kuendelea kwa miguu, wamevaa chuma. Kikosi cha Charles, mrithi wa kiti, kijana wa miaka 18, kilipigana kwa muda kikarudishwa nyuma. Kikosi cha ndugu wa mfalme, mtawala wa Orléans, kiliondoka uwanjani bila kupigana. Ndipo mfalme mwenyewe akaja mbele na kikosi cha mwisho. Wapanda farasi wachache wa upande wa Waingereza wakazunguka kwa siri, wakawapiga Wafaransa kwa nyuma, na mambo yakaisha.

Miaka michache kabla ya hapo Jean alikuwa ameanzisha chama cha mashujaa kilichoitwa cha Nyota, ambao waliapa kwamba hawatakimbia vitani. Siku ile wengi walikimbia, yeye hakukimbia. Alisimama akipigana kwa shoka, na kando yake alikuwapo mwanawe mdogo Philippe, mtoto wa miaka 14, ambaye yasemwa alikuwa akimwonya baba yake ajilinde, mara kuume, mara kushoto. Mwisho mfalme akazungukwa pande zote, akavua glovu yake ya chuma, akampa shujaa mmoja jina lake Denis de Morbecque, mtu aliyefukuzwa katika nchi ya Ufaransa akawatumikia Waingereza. Hivyo mfalme wa nchi kubwa akawa mateka wa mtu aliyekuwa raia wake. Jioni ile Edward alimwandikia karamu hemani, akamhudumia mezani kwa mikono yake mwenyewe. Muungwana akivuliwa nguo huchutama: Jean aliipokea heshima ile kwa utulivu, na mwaka uliofuata akachukuliwa mpaka London.

Huko London alitendewa kama mfalme. Alikaa katika jumba la Savoy, kando ya mto Thames, akawa na watumishi wake, akaenda kuwinda. Lakini nyumbani kwake, je? Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Askari wasio na mshahara walitangatanga wakinyang'anya wakulima. Mjini Paris tajiri Étienne Marcel aliongoza watu wa mji dhidi ya serikali, hata naye akauawa mwezi wa Julai 1358. Mwaka huo huo wakulima wa upande wa Beauvais, waliokamuliwa na kudharauliwa, waliinuka wakawaua makabaila na kuchoma majumba yao. Na makabaila walipopata nguvu tena walilipiza kisasi kwa kuwaua wakulima kwa maelfu. Kushindwa kwa siku moja kulikuwa kumeingia katika kila kibanda.

Mwezi wa Mei 1360 mapatano yakafanywa katika kijiji cha Brétigny. Mfalme Jean aliahidi fidia ya vipande 3,000,000 vya dhahabu, na karibu theluthi ya nchi yake akaiweka chini ya mfalme wa Uingereza. Fedha ya kwanza ilipotolewa, vipande 400,000 tu, aliachiliwa mwezi wa Oktoba. Mahali pake wakawekwa rehani watu wengi wakubwa, wakiwamo wanawe wawili, Louis wa Anjou na Jean wa Berry, pamoja na ndugu yake wa Orléans.

Ili fidia ipatikane, tarehe 5 Desemba 1360 mfalme aliamuru itolewe sarafu mpya ya dhahabu, yenye picha yake akiwa juu ya farasi. Ikaitwa franc, neno ambalo katika lugha yao lina maana ya mtu aliye huru. Ndugu zetu wa Burundi, Rwanda na Kongo, ambao hadi leo huhesabu fedha zao kwa faranga, hulitaja kila siku sokoni jina la sarafu iliyotolewa ili kumkomboa mfalme. Pamoja na sarafu zikaja kodi: kodi ya divai, kodi ya bidhaa, na kodi ya chumvi, ambayo hakuna maskini awezaye kuikwepa, maana hata asiye na nyama hutia chumvi katika mboga zake. Kodi ya chumvi haikuondoka pamoja na deni. Iliwalemea Wafaransa hata wakati wa mapinduzi yao makuu, miaka zaidi ya 400 baadaye. Tena mfalme alimwoza binti yake Isabelle, mtoto wa miaka 12, kwa nyumba ya matajiri wa Milano, nao wakatoa dhahabu nyingi kwa ajili ya heshima ile. Hata wakati ule walikuwapo watu waliosema kwamba mfalme amemwuza mwanawe.

Sasa twafika kwenye kiini cha habari yetu. Wale waliowekwa rehani walihamishiwa Calais, nao waliaminiwa kwa neno lao. Katika mwaka 1363 Louis wa Anjou, kijana aliyeoa karibuni, alichoka kungoja. Akaondoka akaenda kwa mke wake, wala hakurudi. Baba yake alimwita, lakini alikataa. Isitoshe, fidia yenyewe ilikuwa imechelewa sana. Ndipo mfalme Jean aliposema kwamba atakwenda London mwenyewe. Washauri wake walimsihi asiende. Wengine waliona ni wazimu. Hakuwasikiliza. Mwezi wa Januari 1364 akavuka bahari, akapokewa kwa shangwe na watu wa London, akaingia tena katika jumba lile lile la Savoy. Baada ya muda mfupi akaugua, na tarehe 8 Aprili akafariki, hajatimiza miaka 45.

Je, alipaswa kurudi? Mtu wa kwanza atatuambia: La, maana ahadi ya mfungwa si ahadi. Neno lililotolewa kwa hofu ni kama mali iliyochukuliwa na mnyang'anyi. Hoja hii ina nguvu, na Kanisa halikuidharau. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliichunguza kwa uangalifu. Afundisha kwamba katika kiapo cha kushurutishwa mna vifungo viwili. Kifungo cha kwanza ni kwa yule aliyeshurutisha, nacho hukatika, kwa sababu mwenye kutumia jeuri hastahili kufaidika nayo. Kifungo cha pili ni kwa Mungu, ambaye jina lake lilitajwa, nacho chabaki. Afadhali mtu apate hasara ya mali kuliko kuvunja kiapo. Lakini akiisha kulipa, aweza kudai haki yake mbele ya waamuzi.

Wa pili atasema: Huyu ni adui, na uaminifu ni kwa rafiki. Mtakatifu Augustino alikwisha kulijibu neno hili zaidi ya miaka 900 kabla ya Poitiers, alipomwandikia jemadari Bonifasi, aliyekuwa na jeshi la Warumi katika Afrika ya Kaskazini. Alimwambia kwamba ahadi ikiisha kutolewa yapasa kushikwa, hata kwa adui unayepigana naye. Sababu yake si ngumu kuielewa. Neno la adui lisipoaminika, vita havina njia ya kwisha isipokuwa kwa kuwaua wote. Mateka hutunzwa hai kwa sababu tu yuko mtu anayeamini kwamba fidia italetwa. Kila avunjaye ahadi ya namna hii awatia upanga shingoni mateka wote watakaomfuata.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kupita zote, nasi hatutaki kuificha. Mfalme aliahidi vitu ambavyo havikuwa vyake. Chumvi ya mkulima haikuwa yake. Watu wa mji wa La Rochelle, waliotiwa mikononi mwa Waingereza kwa mapatano yale, walipinga kwa muda mrefu, na walipolazimishwa kutii walisema kwamba watatii kwa midomo lakini mioyo yao haitahama. Mwanadamu si ng'ombe wa kutolewa zizini kulipa deni la mwingine. Katika jambo hili hatuwezi kumwachilia Jean. Mtu aweza kuahidi kilicho chake. Ajitoe yeye, atoe usingizi wake, raha yake, hata maisha yake. Akiahidi cha wengine, kushika ahadi kwenyewe huweza kuwa dhuluma.

Hapa ndipo tunapoona thamani ya safari ile ya mwezi wa Januari. Kwa muda wa miaka mitatu wengine ndio waliokuwa wakimlipia: mkulima kwa chumvi yake, Isabelle kwa utoto wake, wana na ndugu kwa uhuru wao. Alipopanda merikebu, kwa mara ya kwanza mfalme alilipa kwa kitu chake mwenyewe.

Wako wasemao kwamba hakurudi kwa ajili ya uaminifu tu. Alitaka kuzungumza upya habari ya fidia, na wengine wa zamani zake walinong'ona kwamba alizikumbuka karamu za London. Yawezekana. Moyo wa mtu ni nyumba ya vyumba vingi, na mara chache twatenda jambo jema kwa sababu moja iliyo safi. Lakini mlango wa kifungo ulikuwa wazi nyuma yake, wala hapakuwa na askari wa kumrudisha. Angaliweza kukaa. Hakukaa.

Tumlinganishe na mfalme mwingine wa nchi ile ile. François wa Kwanza alishindwa na kutekwa huko Pavia, nchi ya Italia, tarehe 24 Februari 1525. Mwezi wa Januari 1526, akiwa mfungwa mjini Madrid, alitia sahihi mapatano na kuapa. Lakini kabla ya kuapa alikwisha kuandikisha kwa siri kwamba hatahesabu kiapo hicho kuwa kitu. Mwezi wa Machi akaachiliwa, na mahali pake wakatolewa wanawe wawili, mmoja wa miaka 8, na mwingine hajatimiza 7. Mfalme alipofika kwake alikataa kutimiza neno lake. Hoja za wanasheria hazikumpungukia. Lakini wale watoto walikaa kifungoni Hispania miaka zaidi ya 4, hata mwezi wa Julai 1530, wakiondolewa watumishi wao na kutendewa kwa ukali kwa ajili ya neno ambalo hawakulisema wao.

Twaona basi habari mbili zilizopinduana. Katika ile ya kwanza mwana alivunja neno, na baba akaenda kulipa. Katika ile ya pili baba alivunja neno, na wana wakalipa. Wala hakuna hata moja ambamo deni lilitoweka. Hili ndilo tunalotaka msomaji wetu alishike. Ahadi iliyovunjwa haifi. Humhama yule aliyeitoa ikaenda kukaa mlangoni pa mwingine, na mara nyingi huyo mwingine ni dhaifu kuliko yeye.

Sisi si wafalme, wala hatujatekwa vitani. Lakini ni mara ngapi tumeona mtu akimwomba ndugu yake amdhamini kwa mkopo, kisha akahamia mji wa mbali, na ndugu akauza ng'ombe wa watoto wake? Ni mara ngapi baba aliyeahidi karo amezitumia fedha mahali pengine, na binti ndiye aliyerudishwa nyumbani na daftari zake? Yule aliyeondoka ana hoja zake, nazo pengine ni za kweli: alibanwa, riba ilikuwa kubwa, hakuwa na la kufanya. Hatuzikatai. Twamwuliza swali moja tu: Kwa kuwa wewe hulipi, sasa analipa nani?

Ikiwa ahadi ilikuwa mbaya tangu mwanzo, yako mambo ya haki ya kufanya: kwenda mbele ya mdai na kusema wazi, kuomba muda, kuomba waamuzi, kukiri kosa la kuahidi kisicho chetu. Hayo yote hufanywa na mtu aliye mbele ya watu, si na mtu aliyejificha. Mwandishi wa Zaburi humsifu yule ambaye hageuki hata kiapo chake kikimtia hasara. Hakusema kwamba mtu huyo hatapata hasara. Alijua ataipata, na ya kwamba afadhali iwe yake kuliko ya jirani.

Mwili wa mfalme Jean ulirudishwa Ufaransa ukazikwa Saint-Denis, pamoja na wafalme wenzake. Fidia haikumalizika kulipwa, na mwaka 1369 vita vikaanza tena. Mtu mwenye kuhesabu faida atasema basi kwamba safari yake haikuleta kitu, wala haikumrudishia mkulima chumvi yake. Ni kweli. Lakini pale Poitiers alinyang'anywa jeshi, miji na uhuru; neno lake peke yake hakuna aliyeweza kumnyang'anya, isipokuwa yeye mwenyewe akubali kulitupa. Na kila mmoja wetu, hata asiye na ng'ombe wala shamba, anayo mali hiyo. Tusiwaachie watoto wetu deni la neno tulilolitupa.